Kabla ya kununua printa, uliza kuhusu chipu

Mwalimu mmoja wa Chake Chake ameniandikia kwa uchungu: printa ya skuli imegoma katikati ya mitihani. Wino umo, karatasi zimo, lakini kioo kinaandika kuwa katriji, yaani kile kikasha cha wino, haitambuliki. Katriji ile ile iliyokuwa ikichapa vizuri wiki iliyopita! Malalamiko ya namna hii yananijia kila mara.

Kasi na rangi nawaachia wauzaji. Mimi nauliza moja tu: wino wake una chipu? Igeuze katriji utaiona, kibamba cha rangi ya shaba kisichozidi ukucha. Hicho ndicho kinachoiambia printa kwamba wino umetoka kwa kampuni yake. Ukiiunga na intaneti huletewa programu mpya, na wino wa mwengine hukataliwa. Kampuni ya printa ya HP walifanya hivyo Septemba 2016, wakaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, lakini hawakuacha. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwapiga faini ya yuro milioni 10. Utetezi wao ni usalama na ubora. Sasa tazameni wenzao wa Canon: chipu zilipoadimika duniani, mwaka 2022 waliwauzia wateja wa Ujerumani tona (wino wa unga wa printa za leza) zisizo na chipu, wakawaelekeza namna ya kulipita onyo la printa, wakasema uchapaji hauharibiki. Kumbe inawezekana! Kampuni hizi mchana wanahubiri soko huria, usiku wanafunga mlango.

Kwangu ya kwanza ni Epson L3250, na sifichi kwamba naipendelea. Haina katriji, wino unaumimina tangini kutoka kwenye chupa, na chupa moja nyeusi, kwa hesabu ya Epson, inatoa kurasa kama 4,500. Ila pedi inayonyonya wino mchafu ikijaa, printa inasimama mpaka umuone fundi. Ya pili ni Canon za G, nazo za tangi. Nimeziweka nyuma kwa kuwa wino wake siukuti kirahisi madukani. Leza zinamfaa anayetoa kopi nyeusi tu, lakini tona nyingi zina chipu. Zile za katriji za bei chee, ziacheni.

Nanyi wauzaji wa Darajani, mteja akiuliza kuhusu chipu msimjibu "haina shida". Shida mnaijua, ndiyo maana katriji mnayomuuzia baadaye bei yake inakaribia ya printa yenyewe. Fungueni boksi, mumuoneshe wino kabla hajatoa pesa.