XS650 "ya Ulaya" niliyouziwa, na tairi la nyuma lililofichua kila kitu

Kama unatafuta pikipiki ya zamani ya Yamaha XS650 hapa Uingereza, omba Mungu usiangukie kwa muuzaji aliyeniuzia mimi. Jina lake silitaji, ila hasira bado ninayo.

Niliitaka ile iliyopelekwa Ulaya: tangi refu, siti iliyonyooka, usukani wa chini unaokuinamisha mbele kidogo. Muuzaji alirudia neno "orijino" mpaka likanikaa kichwani. Akanionyesha namba ya fremu na ya injini, zimefanana kama zilivyotoka kiwandani. Kwa hilo hakudanganya. Nikalipa.

Kama miezi miwili baadaye nikaenda na tairi jipya la nyuma, la inchi 18. Fundi akalipima kwa macho, akatikisa kichwa. Rimu ni ya 16! Moyo ulinipasuka. Nyuma inchi 16 ni Special, XS650 iliyobuniwa kwa kuwalenga Wamarekani na mapenzi yao ya pikipiki za mtindo wa chopa: tangi dogo lenye umbo la tone la maji, siti ya ngazi, usukani uliopanda juu. Enzi zile karibu kampuni zote za Japani zilishika njia hiyo; Kawasaki wakaziita LTD, Honda wakaziita Custom. Fundi akanionyesha pia mahali virifleksi vya pembeni vilipong'olewa kwenye shokapu za mbele, na taa isiyo na kile kitaa kidogo cha kuegeshea ambacho za Ulaya huwa nacho. Mtu alikaa akaivua nguo zake zote, akaivisha za mwenzake.

Nikarudi dukani. Yule bwana hakuinua hata uso, aliendelea kusugua tangi la pikipiki nyingine. "Umenunua uipande au uisome?" Wateja wawili walikuwa wamesimama pale, wakasikia. Nilimwambia nimetoa bei ya Ulaya. Akajibu kwamba namba zinafanana, kwa hiyo nishukuru nilichopata. Nilitoka mikono ikinitetemeka.

Nilikusudia kuiuza wiki ileile. Sikuiuza, na sasa nasema jambo ambalo siku ile nisingelisema: pikipiki yenyewe haina kosa lolote. Fremu yake ni safi, haijaliwa na kutu, kwa sababu haikupitia majira ya baridi ya hapa na chumvi yake ya barabarani. Injini inaunguruma vizuri hadi napitiliza nyumbani kwa makusudi. Ni orijino, tena kweli kweli, ila orijino ya Marekani, na wapo wanaoidharau kwa hilo tu, jambo ambalo silikubali hata kidogo. Usukani mrefu si ugonjwa. Angeniambia "hii ni Special kutoka Marekani, iko na tangi lake na siti yake", ningeinunua vilevile, na vitu vyake visingetupwa.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko pesa: vile vitu viko wapi? Alivitia kwenye pipa, au amevivisha pikipiki nyingine amdanganye mwingine?

Pikipiki naipa nyota tano. Duka halipati hata moja, hata wakinirudishia nusu ya hela. Usukani mrefu nimeshaupata, umefungwa tangu juzi. Mwenye siti ya ngazi na tangi la tone ambalo rangi yake ya kiwandani haijaguswa, naomba aniambie.