Gereji ya Landrova, Mabawa: sili ya transfa imekauka, ila nenda na subira

Gereji yenyewe haina kibao. Ukifika Mabawa, hapa Tanga mjini, ulizia mzee wa Landrova, hata watoto wanaotoka madrasa watakuonyesha: geti la mabati, mwarobaini mmoja, na chini yake magari manne matano ya zamani yaliyokwisha kugeuka ghala la spea. Jina lake siliandiki kwa sababu mwenyewe hataki, anasema wateja alionao wanamtosha. Nimempa nyota nne. Ya tano imepotelea wapi nitasema huko mbele.

Gari langu ni Defender 110 pikapu ya mwaka 1997, injini 300Tdi. Kazi yake ni kushusha hiliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Amani hadi Muheza, na mzigo ukiwa mzuri linafika Tanga mjini. Anaendesha mtoto wa kaka yangu. Anayeijua njia ya kutoka Sigi kupanda Amani hahitaji kuelezwa. Asiyeijua ajue tu kwamba kona zake ni za kuingia na gia nzito, na masika ikikolea udongo ule unateleza kama umemwagiwa mlenda.

Ugonjwa ulikuwa kuvuja oili nyuma ya transfa, lile boksi lililo nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mwanzoni matone mawili matatu uani, nikawa namwagia mchanga. Baadaye handibreki ikaacha kushika, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kwa wasioyajua magari haya: handibreki ya Defender hizi za zamani haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, inapoanzia. Kwa hiyo sili ya pale, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ikishindwa kazi, oili haidondoki chini moja kwa moja. Inapita kwanza ndani ya dramu, inalowesha lainingi za breki, na gari linabaki halina kitu cha kulishika likiegeshwa mlimani. Utingo wetu akawa anaruka na gogo mkononi kila tunaposimama kupakia, anawahi kulitia nyuma ya tairi kabla dereva hajaachia breki ya mguu. Na nyuma ya gari wamesimama kina mama wa watu na magunia yao.

Nilikolipeleka mwanzo, gereji moja ya mjini ambayo siitaji, walibadilisha sili, ikavuja. Wakabadilisha tena, ikavuja. Kauli yao haikubadilika: "Spea za siku hizi feki, mama." Lainingi wakaziosha kwa petroli, wakazichoma moto, wakazirudisha. Zilishika kidogo, kisha zikarudia hali yake. Sisemi spea feki hazipo, Tanga hii zimejaa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyejiuliza kwa nini kila mpira mpya unaowekwa pale unakufa.

Mzee wa Mabawa alianza na jambo lililomuudhi dereva wangu. Alikataa kufungua. Akamwambia mwanafunzi wake aoshe tumbo la gari lote kwa dizeli na sabuni ya unga, akapangusa kwa matambara, kisha akasema, "Haya, lizungushe mpaka Pongwe urudi." Dereva akaniangalia. "Shangazi, si tunaona kabisa inapovuja?" Mzee akamjibu kabla yangu: "Unaona ilipofika, mjukuu wangu. Ilipotoka hujapaona bado."

Maana yake nilikuja kuielewa baadaye. Gari likienda, upepo unaisukuma oili nyuma, kwa hiyo kinacholowesha transfa kinaweza kuwa kimetoka kwenye injini, au kwenye gia boksi, au kwenye gasketi ya kifuniko cha chini, na wewe ukabaki unabadilisha sili isiyo na kosa. Liliporudi akaingia chini na tochi, akatoka na kidole kimelowa, akakinusa, akaninusisha na mimi. Ule uvundo wa kiberiti ni wa oili ya gia namba 90. Ya injini ingekuwa nyeusi na isingenuka vile. Na juu kote kulikuwa kukavu, oili ilianzia kwenye dramu tu. Basi sili ya nyuma ya transfa, hakuna mjadala.

Kabla ya kumwaga oili alifungua kwanza nati ya tundu la kujazia. Nilimuuliza kwa nini aanze juu. Akasema wapo waliomwaga yote, halafu wakakuta ya kujazia imeganda na kutu haifunguki, gari likalala gereji tumbo tupu. Iliyotoka akaikinga kwenye dumu lililokatwa, akaipima kwa macho, akapitisha sumaku ndani. Transfa ile inachukua lita 2.3 hivi, na iliyotoka haikufika lita moja na nusu. Hilo lilimpendeza. Ingetoka nyingi kuliko kipimo, anasema, ingekuwa dalili kwamba oili ya gia boksi inahamia kwenye transfa kupitia sili iliyo katikati yao, na hapo kazi ingekuwa ya kushusha transfa nzima. Sumaku ilitoka na uji wa kijivu tu, hakuna vipande.

Kisha magogo mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya upande mmoja. Ukishatoa propela ya nyuma, handibreki haina tena inachokishika kwa magurudumu ya nyuma, na gari lililoinuliwa kwa jeki linaweza kukuondokea. Mwanafunzi alitaka kuingia chini gogo moja likiwa bado halijakaa sawa, akatolewa kwa kuvutwa mguu. Hilo nililipenda kuliko maneno yote.

Akatia alama ya rangi kwenye propela na kwenye flenji ili zirudi zilivyokuwa, akafungua boliti nne, akatoa dramu, halafu nati kubwa ya milimita 30 iliyoko katikati. Flenji ni kile kisahani cha chuma chenye shingo, ambacho propela inafungwa juu yake. Shingo yake ndiyo inayozunguka ndani ya mdomo wa sili. Kabla ya kuitoa aliitingisha juu chini, kushoto kulia. Haikuwa na mchezo. Beringi ikiwa na mchezo, anasema, uweke sili ya dhahabu, itavuja tu.

Ilipotoka akaipangusa akanipa. "Pitisha ukucha hapa, mwanangu." Ukucha ukadumbukia. Palikuwa na mfereji mwembamba umezunguka shingo yote, pale pale mdomo wa sili unapokaa. Mpira na chuma, nani angedhani mpira ndiye mshindi? Lakini vumbi likinasa kwenye mdomo ule, kila mzunguko linasaga, na gari letu lina miaka mingi ya vumbi la Muheza. Sili mpya ikiwekwa juu ya mfereji ule haina pa kubana. Oili inapita chini yake. Sili za ile gereji ya mjini huenda hata hazikuwa feki. Ingawa ya mwisho waliyoiweka alinionyesha pia: ukingo wake umepinda upande mmoja, imepigwa nyundo na bisibisi.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye akapanda juu, akafunua boneti, akafuata kwa mkono kipira chembamba kinachotoka juu ya transfa, akakitia mdomoni akapuliza. Hakikupitisha kitu. Hicho ndicho kipumulio cha transfa. Kule mlimani, oili ikipata moto, hewa iliyo ndani inatanuka na inatakiwa itoke kwa njia ile. Njia ikiziba, inatafuta mahali dhaifu, na mahali dhaifu ni mdomo wa sili. Akakitoa, akapitisha waya, akapuliza kwa upepo wa kompresa, likatoka donge la tope gumu. Nadhani alikuwa nyigu, mzee anasema tope la mto. Hatukubishana sana.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Flenji nzuri hakuwa nayo. Alikuwa nazo mbili kwenye yale magari yake chini ya mwarobaini, akanionyesha, zote zina mfereji uleule. Kuna njia ya kuvisha shingo pete nyembamba ya chuma, au kuipeleka kwa fundi wa leithi, lakini kwa bei ya kazi hiyo akaona afadhali mpya. Duka la spea Ngamiani likasema wao hawana, labda Gerezani, Dar. Ikaagizwa huko, ikaja kwa basi mpaka stendi ya Kange, na basi la kwanza lilikuja bila mzigo wetu. Ule msemo wetu wa waja leo warudi leo haukutungwa kwa ajili ya gereji hii. Muda wote huo gari limekaa juu ya magogo na hiliki ya watu inanisubiri Amani. Nilikodi gari la mtu mwingine, na gharama yake hamuioni kwenye hesabu za hapa chini.

Kufunga kulikuwa kufupi na kuzuri kutazama. Sili nilinunua ya Corteco, Sh 28,000. Ya Sh 8,000 ilikuwepo dukani, mzee akaitazama akaisukuma pembeni bila neno. Akasafisha tundu inamokaa sili mpaka likang'aa, akapaka oili kidogo mdomoni, upande wenye springi ukaelekea ndani kwenye oili, akaigonga kwa kipande cha bomba kinachoenea duara lote ili iingie sawa. Wosha ya felti iliyo chini ya ile nati kubwa aliweka mpya, kwa sababu oili hupenda pia kutambaa kwenye meno ya shafti na kutokea katikati, na wengi huilaumu sili kwa kosa la felti. Nati za propela zenye plastiki ndani, mpya pia. Krosi, vile viungo vya ncha za propela, zikapigwa grisi.

Lainingi nikauliza kama zitaoshwa. "Lainingi iliyokunywa oili haitapiki," akasema, na Sh 45,000 zikanitoka. Kwenye makisio ya mwanzo hakuzitaja, na hapo nilinung'unika. Mtu aliyekwisha kusikia kwamba handibreki haishiki angezitia kwenye hesabu tangu mwanzo. Flenji na usafiri wake Sh 110,000. Ufundi Sh 70,000, pamoja na kuosha na kile kipumulio. Oili nilikuja na yangu.

Sasa malalamiko. Risiti hakuna, utaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo kama gari ni la kampuni utapata shida na mhasibu wako. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Pa kukaa ni boksi la betri. Mwanafunzi wake ni kijana mwenye adabu ila alipoteza skrubu moja ya dramu kwenye mchanga, tukaitafuta sote watatu, na aliyeiona ni mimi. Jingine wengine mtalichukia: mzee hafungui gari bila mwenyewe kuwepo. Kumtuma dereva peke yake hakufai. Anataka mwenye pesa aone kilichoharibika kwa macho yake. Mimi nilipoteza asubuhi zangu, lakini leo nikitajiwa bei ya flenji najua ninalipia nini.

Tangu hapo masika imepita. Chini ya dramu pakavu, na handibreki inashika gari likiwa na mzigo kwenye ile kona ya juu ya Sigi ambayo utingo alikuwa akiisomea dua. Gogo bado tunatembea nalo, sheria yangu hiyo, Landrova ama si Landrova. Sili ya mbele ya transfa ina unyevu kidogo. Nilimrudishia mzee gari aitazame, akapitisha kidole, akanionyesha: umande tu, haujafanya tone. "Hilo linatoka jasho, halivuji. Liache, pima oili kila unapobadilisha ya injini." Hakunitoza kitu, na angetaka kunifungulia sili nyingine siku ile ningempa pesa bila kuuliza.

Mkienda, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, gari likiwa limepoa. Chukueni flenji, sili, felti na nati kabla ya kwenda, kama mnaweza, ili msisubiri basi la Dar kama mimi. Kazi za injini hapokei, anakataa mapema wala usimbembeleze. Ijumaa anafunga saa tano, na Jumapili yuko shambani.