TAHADHARI: GTX 1050 Ti "mpya" zinazotumwa mikoani kwa basi ni feki

Wakuu, salamu. Wenzangu wa kujenga kompyuta za mezani nyumbani, hasa mlioko mikoani, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kule Instagram akiuza kadi za grafiki (zile za kuchora picha za gemu) za NVIDIA GTX 1050 Ti, GB 4, "mpya, boksi halijafunguliwa", kwa bei ya kama nusu ya ile utakayotajiwa Kariakoo. Si 1050 Ti hizo. Ndani yake mna chipu za GTS 450 na GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011, ambazo BIOS yake, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, imeandikwa upya ili zijitaje kwa jina lisilo lao. Zilizoletwa mezani kwangu nizikague zote zilikuwa hivyo.

Jina la akaunti halina faida kulitaja, analibadilisha kila anapochomewa. Kisichobadilika ni namna anavyouza.

Kwanza mjue kwa nini kachagua 1050 Ti na si kadi nyingine. Wengi wetu tunaanza na mashine za ofisini zilizokwisha tumika, Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoshuka kwenye makontena. Chukua OptiPlex 9020 ile ndefu ya kusimama: ina i5 ya kizazi cha nne, unaiongezea RAM, unaitia SSD, tayari una mashine ya heshima. Kikwazo ni pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia mashine umeme. Ni ya wati 290, tena haina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi kubwa. Sasa 1050 Ti inakula wati 75, na nyingi kati yake huzipata wati zote hizo kwenye sloti ya mazabodi (bodi kuu ya mashine), bila waya wowote wa ziada. Kwa hiyo kila anayeuliza "nina OptiPlex, niweke kadi gani?" anajibiwa 1050 Ti, na jibu ni sahihi. Tapeli naye anasoma majibu hayohayo. Anamjua mteja wake vizuri: bajeti ndogo, mashine ya ofisini, na mji ambao hauna hata duka moja lenye kadi hiyo rafuni.

Namna anavyoingia ni hii. Anaweka picha ya chumba: skrini mbili, taa za zambarau chini ya meza, kava la kioo, feni zinawaka. "Setapu ya mteja wetu, Mbezi." Tazameni ukutani kwenye picha hizo. Soketi ni za Kimarekani, vitundu viwili bapa vilivyosimama. Mbezi gani hiyo? Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza. Ukiitafuta picha hiyo Google kwa kutumia picha yenyewe unampata mwenye chumba, yuko ng'ambo na wala hajui kwamba chumba chake kinauza kadi Tanzania.

Ukimfuata inbox ni mpole sana. "Karibu kaka, zimebaki chache." Ukimuuliza duka liko wapi, ni Kariakoo, karibu na mtaa wa Aggrey. Ukimwambia una ndugu yuko Dar atapita kuichukua, basi leo stoo imefungwa, au yeye yuko bandarini anatoa mzigo, au kijana wa dukani amefiwa. Ukiomba video ya kadi ikiwa kazini anakutumia picha ya dxdiag, ule ukurasa wa Windows unaotaja vifaa vya mashine, inayosomeka NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Malipo yanakwenda kwenye namba binafsi, na jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala halifanani na la duka wala na la huyo unayechati naye. Atakwambia ni la mhasibu.

Halafu mzigo unafika kweli! Hapa ndipo watu wanapolegea. Tumezoea kwamba tapeli ni yule anayekula hela na kuzima simu, kwa hiyo mtu akipata risiti ya basi, akaenda stendi akakabidhiwa boksi lake, anarudi kwenye grupu kumsifia muuzaji siku hiyohiyo. Sifa hizo ndizo zinazomletea wateja wengine. Risiti ya basi inathibitisha kwamba boksi limesafiri. Haisemi lina nini.

Kijana mmoja wa Tabora alichomeka kadi yake, Windows ikaitambua, jina sahihi, GB 4 zimeandikwa. Akafurahi. Video zinacheza, gemu za zamani zinakwenda. Alipofungua GTA V na kupandisha ubora, gemu ikawa inajifunga yenyewe, mara michirizi ya rangi, mara skrini ya bluu. Akamrudia muuzaji. Jibu alilopewa: "Mdogo wangu, hiyo ni pawasaplai yako, haitoshi." Kisha akamuuzia pawasaplai. Kwa haki, hilo ndilo lililonifanya niandike. Kumtapeli mtu halafu ukamlipisha na dawa ya utapeli wako mwenyewe inahitaji moyo wa namna yake. Tatizo lilipobaki palepale, akafungiwa namba.

Kilichokuwa kinatokea ndani ni hiki. Kadi ina GB 1 ya kumbukumbu, lakini BIOS imeambiwa iseme 4. Alimradi kazi unayofanya haivuki ile GB 1 ya kweli, kila kitu shwari. Gemu ikiomba zaidi, inaandika mahali ambapo hapapo. Ndiyo maana kuiwasha na kuangalia kama picha inatokea si kuipima. Hata kuiona kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, si kuipima, kwa sababu jina lile linatokana na kitambulisho ambacho kadi inajitajia yenyewe.

Dalili za macho, kabla hata ya umeme: geuza kadi utazame upande wa matundu. Ukiona VGA, ile ya bluu yenye vitundu kumi na tano, simama hapo. Chipu za kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti ni yake, hazitoi picha ya analogi kabisa. Nyingi ya kadi za huyu bwana zina VGA, na watu wanaipenda maana wana skrini za zamani! Ya pili ni tundu la umeme la pini sita. Hapa msikimbilie kuhukumu, zipo 1050 Ti halali zilizowekewa tundu hilo na watengenezaji wake. Lakini GTS 450 na GTX 550 Ti hula zaidi ya wati 100, na sloti peke yake haiwezi kuzishibisha, kwa hiyo VGA na pini sita zikikutana kwenye kadi moja ya bei poa, sihitaji kuiona zaidi. Ya tatu ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kwenye boksi lake mna CD au karatasi yenye linki ya kushushia, na anasisitiza utumie hiyo tu. Sababu ni kwamba ukiweka draiva mpya kutoka kwa NVIDIA wenyewe, mashine inagoma au inaanguka. Chipu hizo za zamani NVIDIA waliacha kuzitolea draiva za gemu mwaka 2018, ya mwisho ikiwa 391.35.

Kipimo kisichobishaniwa ni GPU-Z. Ni programu ndogo, ya bure, inakaa kwenye flashi na unaweza kuifungua bila kuisanidi. Tangu 2018 inaweza kuzigundua kadi nyingi za aina hii, na ikiikamata inaandika [FAKE] mbele ya jina. Usiishie kwenye hilo neno, soma na namba, maana matapeli nao hawalali. 1050 Ti halisi: chipu GP107, teknolojia ya nm 14, shaders (viini vya kuchora picha) 768, kumbukumbu GDDR5, njia ya biti 128. Ukikuta GF106 au GF116, nm 40, shaders 192, hiyo ni kadi ya zama nyingine. Kama unanunua ukiwa mbali, picha tuli ya GPU-Z isikutoshe, kwa sababu mtu anaweza kuihariri kwa simu. Mwambie arekodi kwa simu mfululizo bila kukata: aanze kwenye stika ya namba ya utambulisho (serial number) iliyo mgongoni mwa kadi, aichomeke, awashe, afungue GPU-Z, kisha stika hiyohiyo uikute kwenye boksi lako. Muuzaji mwenye kadi ya kweli atanung'unika kidogo, lakini atafanya. Nina wauzaji wawili watatu ninaowaamini Kariakoo, wote huchomeka kadi mbele yako na kukuachia uipige gemu hadi feni zianze kupiga kelele.

Huyu bwana ana bidhaa nyingine mbili, nizitaje haraka. Anauza RX 580, kadi ya grafiki ya AMD. Hiyo si feki moja kwa moja, ila ipo RX 580 iliyotolewa kwa soko la Uchina mwaka 2018 yenye shaders 2048, ambayo kwa nguvu ni sawa na RX 570. RX 580 ya kawaida ina 2304. Kuuza ile kwa bei ya hii bila kusema ni wizi uleule uliovaa suti. Nyingi pia zilikesha zikichimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, mizigo hiyo ilimwagika sokoni dunia nzima. Kadi ya kuchimba si lazima iwe mbovu, ila uambiwe, na bei ishuke.

Nyingine ni "SSD ya nje ya TB 16" kwa elfu themanini. Hii sitaki hata kubishana nayo. Ukiipasua unakuta kikadi kidogo cha memori kama cha simu, kimegandishwa kwa gundi. Inadanganya ukubwa wake kama ile kadi ya grafiki, lakini madhara yake ni mabaya zaidi kwa sababu inapokea mafaili yako yote bila kulalamika, ikijaa inaanza kuandika juu ya yaliyotangulia au kuyatupa tu. Jina la faili linabaki, ndani hamna kitu. Picha za harusi za watu zimepotea hivyo. Kipimo chake ni H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux: zinaijaza diski yote kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Kwa aliyekwisha lipa. Usifute chati hata moja, hata zile alizokutumia sauti. Hifadhi ujumbe wa muamala, risiti ya basi, na picha za GPU-Z. Namba iliyotumika iripoti kwa kuituma 15040. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kudanganya kwa njia ya mtandao kunaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na bidhaa bandia zinaihusu pia Tume ya Ushindani. Sikuahidi hela itarudi kesho, lakini namba moja ikiripotiwa na watu wengi haikai hewani kama ile ambayo kila mtu ameinyamazia kwa aibu.

Na kadi yenyewe msiirudishe sokoni kwa jina lilelile. Nimeona tangazo la mtu aliyetapeliwa anajaribu kumuuzia mwingine "1050 Ti, imetumika kidogo". Kuna wanaofikiria kuirudishia BIOS yake ya asili kwa nvflash, programu ya kuandika BIOS za kadi za NVIDIA. Inawezekana, lakini lazima uijue chipu yenyewe na aina ya kumbukumbu iliyowekwa, na ukikosea inakuwa kipande cha plastiki. Ukifaulu unabaki na kadi ya 2010 ya kuonyesha picha tu, isiyoijua Vulkan, mfumo ambao gemu nyingi mpya hutumia kuchora picha.

Mwenye kadi aliyotangaziwa na hana uhakika nayo, aweke hapa picha ya upande wa matundu na picha nzima ya GPU-Z, tutaitazama pamoja. Picha za dxdiag sitazijibu.