Ramani ya dayosisi niliyochapishiwa Moshi: walikosea rangi ya Karatu, wakarudia

Nafundisha kipaimara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichora mipaka ya Dayosisi ya Kaskazini ubaoni kwa chaki. Kila darasa linauliza lile lile: kama KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni moja, kwa nini Usa River (Dayosisi ya Meru) wana askofu wao na Same (Dayosisi ya Pare) wana wao? Mwaka huu nikapeleka michoro yangu kwenye duka moja la uchapaji mjini Moshi, wanitengenezee ramani ya ukutani.

Niliwapa kazi nzito. Nilitaka Machame ionekane, walikofika wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1893. Nilitaka Akeri, kule Meru, walikouawa wamisionari Ovir na Segebrock mwaka 1896. Halafu eneo lote la kanisa la Tanganyika ya Kaskazini, lililoungana na mengine sita mwaka 1963 chini ya Askofu Stefano Moshi, lizungushiwe mstari wa nukta. Juu ya mstari huo, kila kilichojitenga kipewe rangi yake: Pare mwaka 1975, kisha Arusha, Meru na Mwanga.

Sampuli ya kwanza ilipotoka, rangi zilikuwa safi kabisa, ila Karatu ilikuwa na rangi ya Arusha. Kijana wa kompyuta alikuwa amefuata mipaka ya serikali. "Mwalimu, si Karatu ni mkoa wa Arusha?" Kwa mkoa ni kweli, lakini kikanisa Karatu ni jimbo, yaani sehemu, la Dayosisi ya Kaskazini, na hospitali ya Kilutheri ya pale ni ya Kaskazini. Ukitoka Moshi unapita Dayosisi ya Meru, unapita ya Arusha, ndipo unarudi kwenu. Kukosea hapo ni kukosea ramani nzima.

Walitaka niongeze hela ya kurudia. Nikakataa, nikawafungulia mchoro wangu, ambako Karatu nilikuwa nimeipaka bluu sawasawa na Hai na Siha, majimbo mengine ya Kaskazini. Mama mwenye duka aliutazama, akamwambia kijana, "Rudia, kosa ni letu." Hapo nilimheshimu. Siku ya tatu nikaichukua, Karatu ikiwa bluu, peke yake kule magharibi.

Sehemu niipendayo ni pembeni ya Ugweno. Marehemu bibi yangu alibatizwa Shigatini, akazeekea palepale, hakuhama hata nyumba. Hata hivyo alisali chini ya Kaskazini, akawa wa Pare, akazikwa akiwa wa Mwanga. Ule mstari wa nukta umepita chini ya rangi ya Mwanga bila kukatika, kama nilivyomwomba kijana. Nikiufuata kwa kidole mbele ya wanafunzi, hawaulizi tena nani ni mgeni kwa nani.

Nimechapishiwa kwenye turubai la mabango, lina matundu ya chuma ya kutundikia, na likiingia vumbi nalifuta kwa kitambaa chenye maji. Lawama yangu ni herufi. Majina ya majimbo ni madogo, aliyekaa nyuma haoni neno Siha. Wewe ukienda kuchapisha ya kwenu, peleka mchoro uliopaka rangi kwa mkono wako, dai sampuli, na usimalizie malipo kabla hujaitundika ukutani na kurudi nyuma hatua kumi.