Kamusi ya Oxford na Kitenzi “Run”

Mfasiri anayeshinda kutwa na maelekezo ya mashine hasumbuliwi sana na maneno magumu ya Kiingereza. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua. Hivi karibuni nilipokea kijitabu cha pampu ya maji chenye onyo la maneno matano, “Do not run pump dry”, ambalo programu moja ya simu ililigeuza kuwa “Usikimbie pampu kavu”. Mkulima angeweza kulisoma onyo hilo mara tatu, kisha akaiwasha pampu yake bila maji mpaka ikaungua.

Ndiyo sababu naendelea kuitumia Kamusi ya Oxford ya mtandaoni, ile kubwa ya kihistoria (Oxford English Dictionary), ijapokuwa inalipiwa ada. Toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928, na katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, hakuna neno lililochukua nafasi kubwa kuliko “set”. Wahariri walipoifikia herufi R katika marekebisho yaliyofuata, kitenzi “run” kilionekana kuwa na maana 645.

Ubora wa kazi hii uko katika ushahidi. Kila maana imeambatanishwa na sentensi zilizowahi kuandikwa na watu, pamoja na miaka yake, zikianzia ya zamani zaidi, hivyo msomaji anakishuhudia kitenzi cha watu, wanyama na maji kikichukua mitambo, mabasi, biashara na hatimaye programu za kompyuta. Nilipoiona maana ya mtambo kufanya kazi, onyo langu lilijiandika lenyewe: “Usiiwashe pampu bila maji.”

Hata hivyo, kamusi humfikisha Mswahili nusu ya njia tu, kwa sababu kwetu kitenzi hufuata kile kinachotenda. Maji ya mto yanatiririka, pua inatoka kamasi, rangi ya kitenge inachuja, basi linafanya safari kati ya Moshi na Arusha, mwenye duka analiendesha duka lake, na mwanasiasa anagombea ubunge. Mmarekani hutumia “run” kwa yote hayo, ingawa Mwingereza humwona mgombea huyo kuwa amesimama (“stand”). Nasi tunapiga simu, pasi, picha, deki, mswaki na hodi, na mgeni anayejifunza lugha yetu hupata taabu ileile.

Kasoro ninayoiona ni mpangilio. Kwa kuwa maana zimefuatana kwa umri, anayetafuta matumizi ya leo hulazimika kupita katikati ya matumizi yaliyokwisha kufa, na katika kidahizo, yaani neno na maelezo yake, kirefu kama hiki, hasa kwenye kioo cha simu, ni rahisi kupotea. Maelezo yote pia ni ya Kiingereza, na si Kiingereza chepesi. Simshauri mwanafunzi wa sekondari aanzie hapa. Kwake Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka mwaka 1996, itamfaa zaidi.

Kwa mfasiri, mhariri au mwalimu wa lugha, naipendekeza bila kusita. Kabla ya kulipa ada, aulize kwanza katika maktaba ya chuo kilicho karibu naye, kwa kuwa baadhi ya maktaba huilipia kwa niaba ya wasomaji wake.