SSD ya kufufua kompyuta nzito: achaneni na namba ya kwenye boksi

Malalamiko ninayoletewa sana siku hizi yanafanana. Mtu kaambiwa toa hard disk (ile diski ya zamani inayozunguka) weka SSD (diski ya chipu, haina kinachozunguka), kaweka, kompyuta ikawa inawaka hata hajakaa vizuri kwenye kiti. Miezi inapita, diski inaanza kujaa, mashine inarudi kuganda ganda vilevile kama zamani. Anajua ni kirusi huyo. Anashusha antivirus ya pili, anashusha na zile programu za "kusafisha kompyuta" ambazo mimi sizipendi kabisa (CCleaner mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza kirusi ndani ya toleo lake halali, likashushwa na watu zaidi ya milioni 2), sasa mashine ndo inakufa kabisa. Kumbe shida ni hiyo SSD, ilinunuliwa kwa kusoma namba moja tu.

Kwa hiyo habari za chukua GB ngapi sitawapotezea muda, hizo mnazijua. Nataka tuongelee kitu ambacho wauzaji hawakigusi.

Chukua SSD yoyote ya SATA (zile zinazotumia njia ya data ileile ya hard disk za zamani), boksi linasema "hadi 550 MB/s" au karibu na hapo. Zote! Nzuri na takataka zinaandika hivyohivyo, sababu njia ya SATA yenyewe inaishia hapo, so hiyo namba haikusaidii kuchagua chochote. Mchezo upo ndani. SSD nyingi za sasa ni TLC, yaani kila seli (kijichumba cha data ndani ya chipu) inabeba biti 3, au QLC, biti 4. Kadiri unavyosongamanisha biti kwenye seli moja ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa taratibu, sasa ili isionekane, kampuni zinatenga sehemu ya diski inayoandikwa biti 1 tu kwa seli, hiyo ndo kashe, na ile kasi ya kwenye boksi ni kasi ya kashe. Ikijaa unakutana na diski yenyewe. Halafu kwenye modeli nyingi kashe inakatwa kutoka kwenye nafasi iliyobaki wazi, maana yake ukijaza diski na kashe inasinyaa, ndo pale mtu anasema "ilikuwa nzuri mwanzoni jamani sijui imepatwa na nini". Haijapatwa na kitu, ndivyo ilivyo.

Ukitaka kuiona kwa macho, kopi folda kubwa la video kwenda kwenye hiyo diski halafu angalia ule mchoro wa kijani wa Windows. Unapanda, unatulia huko juu kwenye 450 hivi, unajisemea hapa nimepata chuma, halafu ghafla unaporomoka chini na kubaki unatambaa hukohuko mpaka mwisho, na ukijaribu kufungua brauza wakati huo huo utasubiri.

Na sio kwamba nawasingizia. Samsung 870 QVO ya 1TB, ambayo ni QLC, spesifikesheni zao wenyewe zinasema inaandika hadi 530 MB/s, na kashe ikiisha (hadi 42GB) inashuka mpaka 80. Themanini! Kuna hard disk za kuzunguka zinazoandika faster kuliko hiyo.

Kitu cha pili kinachoenda na hicho ni DRAM, memori ya haraka kama ile ramu ya kompyuta. SSD inahitaji ramani ya kujua kila kipande cha data kimekaa wapi, zile nzuri zinaiweka hiyo ramani kwenye chipu ya DRAM humohumo ndani. NVMe (SSD za njia mpya yenye kasi kuliko SATA) isiyo na DRAM inaweza kuazima kidogo kwenye ramu ya kompyuta, inapona. SATA haiwezi kuazima. Kwa hiyo SATA isiyo na DRAM ndo unaiwekea Windows uifanyie kazi kutwa nzima? Hapana bwana.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja Samsung 870 EVO, na mniite chawa wa Samsung sijali. TLC, DRAM ipo, waranti miaka 5 au TB 600 za kuandika kwa ile ya 1TB, chochote kitakachotangulia. Unakopi, unafungua mafaili, unaapdeti Windows, vyote kwa wakati mmoja na haikusumbui. Angalia tu herufi, EVO sio QVO! Hilo jina limetungwa na mtu asiyetutakia mema.

Namba mbili Crucial MX500. TLC, DRAM, waranti miaka 5, TB 360 kwa ya 1TB. Ningeiweka sawa na ya kwanza ila Micron, wenye Crucial, walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na biashara ya wateja wa kawaida, so ukiikuta ni mzigo uliobaki, waranti wamesema wataiheshimu. Na usichanganye na BX500 inayokaa pembeni yake, ile haina DRAM na waranti yake ni miaka 3.

Kama kompyuta yako ina sloti ya M.2 (ile nyembamba ya kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye bodi) ya NVMe usihangaike na SATA, chukua WD Blue SN580. Haina DRAM ila inaazima kwenye ramu kama nilivyosema, ni TLC, waranti miaka 5. Soma mwongozo wa mashine kwanza, kuna sloti za M.2 zinazokubali SATA tu, umbo linafanana kabisa.

Za bei ya chini: Kingston A400 inatosha kompyuta ya kuandikia barua. Zisizo na jina, hapana.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Hata ukisoma vizuri bado wanakuchezea. Mwaka 2021 WD SN550 ilibadilishiwa chipu ndani, jina lilelile, kasi ya baada ya kashe ikashuka. Mwaka huohuo Crucial P2 ikahamishwa kutoka TLC kwenda QLC, jina lilelile. Watu wanasoma rivyu ya zamani wanaenda kununua kitu kingine kabisa. Na wauzaji wa laptopu wao wanaandika "SSD 512GB" basi, modeli hakuna, ukiuliza unajibiwa zote ni sawa tu. Zote sawa wapi? Tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepaa sababu vituo vya data vya AI vinazoa kila kitu, hiyo sawa, lakini mzigo ulionunuliwa kabla bei haijapanda nao unapandishwa siku hiyohiyo, hapo AI imeingiaje?

Usalama nao, usinunue sababu boksi limeandika "AES 256" (usimbaji, yaani data inafungwa isisomeke bila nywila). Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya SSD za Crucial na Samsung za wakati huo zingeweza kufunguliwa bila nywila japo zina huo usimbaji wa ndani, mwaka uliofuata Microsoft wakafanya BitLocker (usimbaji wa Windows yenyewe) iache kuzitegemea. Tumia BitLocker yenyewe inatosha. Na kama bado uko Windows 10, masasisho ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025, SSD mpya haikukingi na hilo.

Ukishanunua, siku ileile shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma hali ya diski. Tazama mstari wa Power On Hours, masaa ambayo diski imeshawashwa. Mpya inatakiwa isome sifuri au masaa machache sana. Ukikuta elfu kadhaa hiyo imeshachoka kwenye mashine ya mtu, wamefunga boksi upya. Piga picha ya skrini na stika ya serial namba ionekane, rudisha kabla muda wa kurudisha haujaisha, na ukiambiwa "hayo masaa ni ya majaribio kiwandani" usikubali, hakuna kiwanda kinachojaribu diski moja miezi mitano.