TAHADHARI: Kuna jamaa anauza rimu za Benz kwa watu wa Toyota, anasema "zinaingia"

Wakuu naombeni msome hii hata kama leo hutafuti rimu, maana siku tairi yangu ya mbele kushoto ilipotaka kuchomoka barabara ya Morogoro, kabla kidogo ya Mlandizi, ndani ya gari nilikuwa na wanangu wawili na mama yao.

Iko hivi. Nina Toyota Mark X ya 2006, nikawa natafuta rimu za inchi 17, nikampata jamaa mtandaoni anauza seti ya nne kwa laki nane na nusu. Nikamuuliza kabisa PCD yake (kipimo cha mpangilio wa matundu ya nati, kwa milimita) ngapi, akanijibu "114 hiyo bosi wangu, inakaa Mark X, Harrier, tundu tano zote hizo hamna shida". Nikatuma hela, mzigo ukaja na bajaji, umeng'arishwa vizuri, katikati pana vifuniko vya Toyota. Fundi akafunga, nati zote tano zikaingia kila tairi, tukajua tumemaliza.

Wiki ya kwanza usukani ukawa unacheza nikifika 80, fundi akasema ni balansi, tukafanya balansi, ukaendelea kucheza. Jumamosi tukaanza safari ya Morogoro, tulipopita Kibaha nikasikia ko-ko-ko mbele kushoto, nikapunguza mwendo nikaegesha, kushika nati tatu zinazunguka kwa vidole. Kwa vidole jamani! Studi moja (ile bolti inayofungiwa nati) ilishakatika, imebaki kipande tu kwenye habu, pale katikati rimu inapofungwa.

Fundi mmoja mzee pale njiani ndo alinifumbua macho. Alitoa rimu akaigeuza, akanionyesha kila tundu limelika upande mmoja tu, pembeni panang'aa kama shilingi mpya na upande wa pili rangi haijaguswa, maana yake nati ilikuwa inaegemea ukingo badala ya kukaa. Nyuma ya rimu pale panapoandikwaga saizi pamepitishwa grinda, ila kwenye rimu moja jamaa hakumaliza kazi, ikabaki namba inaanza na A204. Mzee akaniambia hii ni ya Benz, PCD yake ni 112.

Sasa mtu atasema 112 na 114.3 si karibu sawa? Ndo mtego wenyewe huo. PCD ni upana wa duara linalopita katikati ya matundu yote, gari yangu ni 114.3 na rimu ni 112, kila studi inapishana na tundu lake kwa milimita moja na kidogo. Matundu ya ile rimu yametengenezwa kwa bolti za milimita 14 na studi zangu ni za 12, kwa hiyo panakuwa na nafasi, inaingia bila hata nyundo. Halafu kikalio cha nati kwenye rimu za Benz ni cha mviringo kama bakuli wakati nati nilizofungiwa zina ncha ya koni, zinagusa mstari mwembamba tu. Na tundu la katikati la Benz ni 66.6 wakati habu yangu ni 60.1, rimu haijabebwa na habu hata kidogo, uzito wote wa gari uko kwenye studi. Unakaza leo, kesho zimelegea.

Msipime kwa futi ya fundi cherehani. Kwenye tundu tano, kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu la jirani inatakiwa 67.2 kama ni 114.3, na 65.8 kama ni 112, tofauti ni milimita moja na nusu hivi, kwa macho huioni. Tafuta venia (kile kipimo cha chuma cha kupimia milimita ndogo ndogo), pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu mpaka ukingo wa kushoto wa lile linalofuata, zidisha mara 1.7. Za Premio na Allion za zamani ni 100, hizo angalau zitagoma waziwazi. Na kabla hujalipa mwambie akupigie picha ya NYUMA ya rimu, ukiona pamekwanguliwa achana nayo. Siku ya kufunga gari iwe kwenye jeki, nati zote uzungushe kwa mkono mpaka zikae, hata moja ikigoma usimruhusu fundi ashike wili spana.

Nilimpigia yule jamaa, kwanza akasema fundi wangu hajui kazi, nikamtumia picha ya ile A204 akanibloku hapo hapo. Hela sijarudishiwa mpaka leo, studi nimenunua tano mpya na nimerudisha rimu zangu za zamani.

Jana usiku rafiki yangu kanitumia tangazo, jina la akaunti limebadilika ila picha ni zile zile, rimu nne juu ya turubai la bluu, ya kwanza kulia ina mkwaruzo karibu na mpira wa upepo, chini imeandikwa "zinaingia Toyota zote". Hizo rimu ziko stoo kwangu, kwa hiyo sijui atakayelipa atatumiwa nini. Ukiliona hilo turubai usitume hata nauli ya bajaji.